Mashini kubwa, mavago madogo: historia ya upana wa reli kutoka Kolwezi mupaka ku meza



Hapa Kolwezi kila mutu, awe wa Dilala ao wa Manika, anajua reli ni nini. Lakini wachache walishakuuliza: juu ya nini reli yetu iko na upana wa milimita 1067, si 1000, si 1435? Leo ninataka kujibu swali hilo kwa kupita njia yenye hamuizoee: njia ya treni ndogo za maketi, zile zenye watu wazima katika inchi nyingi wanatembeza juu ya meza.

Watu wa treni za meza wako na tatizo moja la zamani. Mutu anapata mashini (lokomotivi) yenye ilitengenezwa kwa kipimo fulani. Kiisha anapata mavago mazuri, lakini ya kipimo kidogo zaidi. Reli ni moja, magurudumu yanaingia bila shida. Anajiuliza: nikiyafunga pamoja, itakuwa treni ao itakuwa uwongo?

Inaonekana kama mambo ya muchezo. Lakini Kongo ililipa kazi na pesa nyingi juu ya swali hilo hilo, ku reli za kweli. Na katika miaka yenye inakuja tutaulizwa tena.

Kipimo na upana ni vitu mbili

Tuanze polepole. Kipimo cha 1:87 maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mutu wa mita 1.75 anakuwa na milimita 20. Vago yenye urefu wa mita 3.5 kutoka ku reli mupaka juu inakuwa na milimita 40. Kipimo cha 1:76 kinapunguza kidogo: mutu yule anakuwa na milimita 23, na vago ile inakuwa na milimita 46. Tofauti ni milimita 6 paka. Ku macho, lakini, ni nyingi.

Sasa angalia jambo la ajabu. Vipimo hivyo viwili vinatembea juu ya reli moja, yenye upana wa milimita 16.5. Namna gani ilifika vile?

Mu Ulaya, treni za meza zilikuwa kwanza kubwa, za kipimo chenye waliita "sufuri", 0. Katika mwaka wa 1922 kompani ya Bassett-Lowke ya Uingereza iliuzisha treni ndogo zaidi, zenye zilitengenezwa na Bing mu Nuremberg, Ujerumani. Upana wa reli ulipunguzwa karibu nusu. Nusu ya 0 ikaitwa H0, na kipimo chake ni 1:87. Kwa Wajerumani, Wafaransa na Waamerika mambo yalienda muzuri. Kwa Waingereza kulikuwa na shida: treni zao za kweli ni nyembamba na za chini kuliko zile za inchi zingine za Ulaya, juu madaraja na matuneli yao ni ya zamani na ni madogo. Ukipunguza mashini ya Uingereza mara 87, mwili wake unakuwa mudogo sana, na moteri za wakati ule hazikuingia ndani.

Wakafanya nini? Waliacha reli vile ilikuwa, wakaongeza mwili paka. Mwili ukakuwa 1:76, reli ikabakia ya 1:87. Wakati Hornby ilitosha treni zake za "Dublo" mu mwaka wa 1938, ilifuata njia ile. Mupaka leo, treni ya meza ya Uingereza inatembea juu ya reli yenye ni nyembamba kwake: ukipiga hesabu, milimita 16.5 mara 76 inatoa kadiri ya 1255, pahali pa 1435 ya kweli.

Wajapani nao wako na yao. Treni zao za kawaida zinatembea ku upana wa 1067, kama zetu. Lakini Shinkansen, treni yao ya mbio, inatembea ku 1435. Ku meza, ku reli ya milimita 9, walitengeneza Shinkansen kwa 1:160 na treni za kawaida kwa 1:150. Vipimo viwili, reli moja, na watu wananunua zote mbili bila kulia.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: upana wa reli unaamua nani anaweza kutembea pamoja na nani. Ukubwa wa mwili ni jambo lingine.

Reli yetu ilitoka kusini

Sasa tufike kwetu. Upana wa 1067 haukuzaliwa Katanga. Katika miaka ya 1870, serikali ya koloni ya Cape, ku Afrika Kusini, ilitaka kupandisha reli mu milima yake. Reli pana ya 1435 ilikuwa inaomba kona kubwa, matuneli na pesa. Kulikuwa wenye walitaka reli ndogo sana. Wakapatana katikati: futi 3 na inchi 6, ni kusema milimita 1067.

Kiisha reli ile ikafuata madini kwenda kaskazini. Ilifika Kimberley mu 1885 juu ya almasi, Bulawayo mu 1897, maporomoko ya Victoria mu 1904, Broken Hill (Kabwe ya leo) mu 1906, na mu 1910 ikafika Elisabethville, Lubumbashi yetu. Wakati ule Union Minière ilikuwa imeshaundwa tangu 1906, na kompani ya reli ya BCK vilevile tangu 1906. Makaa, mashini za mine, vyakula, vyote vilikuwa vinatoka kusini. Mukubwa wa BCK angeweza kuchagua upana mwingine? Ku karatasi, ndiyo. Lakini kila muzigo ungeshushwa na kupandishwa tena ku mupaka. Katanga ikachukua 1067 juu jirani alikuwa nayo.

Reli ikaendelea: Kambove mu 1913, Bukama mu 1918, Port-Francqui (Ilebo) mu 1928. Mu 1931 mustari wa Tenke mupaka Dilolo ukakutana na reli ya Benguela yenye ilitoka Lobito, ku bahari ya Angola. Nayo pia 1067. Mustari ule njo unapita Kolwezi. Union Minière ilianzisha muji wetu mu 1937, miaka 6 kiisha reli kufika. Ni kusema kama reli ni mukubwa, muji ni mudogo wake.

Wakati upana haupatani

Lakini Kongo haikuwa na reli moja. Reli ya Matadi na Léopoldville, yenye ilimalizika mu 1898, ilikuwa na upana wa sentimita 75 hivi. Ilikuwa ndogo sana kwa muzigo wa inchi kubwa vile. Wakaijenga upya kwa 1067, kazi ikaisha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ku kaskazini, reli ya Vicicongo ya pande za Aketi na Isiro ilikuwa ya sentimita 60 paka. Na ku mashariki, kompani ya Maziwa Makubwa, CFL, ilijenga kwa mita 1 kamili: Kindu mupaka Kongolo, kiisha Kabalo mupaka Albertville (Kalemie). Upana ule wa mita 1 njo ulikuwa wa jirani ya ngambo ya ziwa, reli ya Dar es Salaam na Kigoma.

Angalia tofauti kati ya 1000 na 1067: milimita 67. Ni kidole kimoja. Lakini kidole kile kilitosha ili vago ya Katanga isifike Kalemie. Mu 1955 mustari wa CFL ulibadilishwa kuwa 1067. Walisogeza reli na kubadilisha magurudumu ya mashini na mavago. Mwaka wenye ulifuata, 1956, Kamina ikaungana na Kabalo. Siku ile treni ya Lubumbashi iliweza kwenda mupaka Tanganyika bila kushusha mufuko hata mumoja. Paka kipande cha Kisangani na Ubundu kilibakia na mita 1, peke yake, mupaka leo.

Wale wenye walisogeza reli hawakugusa ukubwa wa mavago. Vago ndogo ya zamani ya CFL ilibakia ndogo. Walibadilisha pahali pa kukutanikia.

Mukubwa juu ya njia nyembamba

Watu wengi wanafikiri kama reli nyembamba inabeba treni ndogo. Historia ya Afrika inakatala. Mavago ya abiria ya Afrika Kusini, ku 1067, yako na upana wa mita 3 hivi. Ya Uingereza, ku 1435, yako na mita 2.8 hivi. Yenye iko na reli nyembamba njo iko na mwili munene!

Mufano wenye ninapenda zaidi uko Kenya. Mu miaka ya 1955 na 1956, East African Railways ilipata mashini 34 za aina ya Garratt, zenye ziliitwa darasa la 59, kutoka kwa Beyer Peacock wa Manchester. Mashini moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Chungu chake cha maji ya moto kilikuwa na upana wa zaidi ya mita 2, juu ya reli ya mita 1. Ilikuwa inapandisha muzigo kutoka Mombasa mupaka Nairobi, ikifuatwa na mavago yenye yalionekana kama watoto nyuma ya mama. Moja iko mu muze ya reli ya Nairobi. Tena mafundi walizichora ili siku moja ziweze kubadilishwa ziingie ku 1067, juu waliwaza kama reli za mashariki na za kusini zitaungana. Walikuwa wanaacha mulango wazi.

Garratt zilikuwa pia ku reli ya Benguela. Kwa siye wa agronomi kuna jambo la kufurahisha: zilikuwa zinakula kuni za mikaliptusi, na kompani ilipanda misitu ya mikaliptusi kandokando ya njia juu ya kuzilisha. Shaba ya Katanga ilifika bahari kwa nguvu ya miti yenye ilipandwa kwa mustari. Ku upande wetu, BCK iliingiza umeme mu miaka ya 1950, kuanzia kipande cha Likasi na Tenke.

Juu ya nini vago ndogo si uwongo mu Katanga

Turudie ku meza. Mutu anataka kujenga maketi ya mustari wa Tenke na Kolwezi. Mimi sijaona duka yenye kuuza mashini ya SNCC mu kisanduku. Atanunua za Afrika Kusini, za Ulaya ao za Japani, atapaka rangi upya, na vipimo vitachanganyika. Hesabu inamupa njia mbili za kweli. Akitaka kipimo cha 1:87, reli ya 1067 inapaswa kuwa na milimita 12 hivi. Akitaka kutumia reli ya 16.5 yenye inapatikana kila pahali, kipimo cha kweli ni kadiri ya 1:64, na treni itakuwa kubwa. Wengi hawachague moja kati ya hizo: wanaweka treni ya 1:87 juu ya 16.5 na kufunga jicho moja.

Kama anaunga mashini ya 1:76 na mavago ya 1:87, vago itakuwa ndogo kwa sehemu 13 hivi juu ya 100. Ataficha namna gani? Wenye kuzoea kazi hiyo wanajua mambo machache.

Kwanza, ndoano za kufungia zilingane. Vago yenye ndoano yake iko chini itajifungua ku mulima ao itaruka reli.

Pili, vago nyepesi isifungwe mbele, karibu na mashini, wakati nyuma kuko mavago mazito. Mu kona, nguvu ya mashini na uzito wa nyuma vitaivuta ndani na kuiangusha. Hata ku treni za kweli njo vile.

Tatu, jicho linapima kwa mutu. Mulango, ngazi, dirisha, gurudumu la freni la mukono: hivi vyote vilitengenezwa kwa mwili wa mutu, kwa hiyo vinasema haraka kama kipimo si kimoja. Vago ya abiria haiwezi kusema uwongo. Lakini tanki ya mafuta, ao vago wazi ya mawe, haina mulango. Hakuna mutu wa kuipima naye. Ukiweka kati ya mashini na mavago vago moja ya chini, tupu, jicho linapumuzika na halilinganishe tena.

Na hapa njo agronomi inaingia. Mita moja ya ujazo ya mahindi makavu iko na kilo 700 na kitu. Mita moja ya ujazo ya mawe ya madini yaliyovunjwa inaweza kufika tani 2. Vago ya kubeba tani 40 inaomba nafasi ya mita 55 hivi za ujazo kama ni mahindi, lakini mita 20 paka kama ni mawe. Ndiyo maana vago ya madini ni fupi na ya chini: ukiitengeneza kubwa, utaivunja. Mu inchi ya shaba, mashini kubwa yenye kufuatwa na mavago madogo si kosa la maketi. Njo picha ya kweli.

Watoto wetu walishakujua hayo bila kusoma. Angalieni treni zenye wanatengeneza: kichwa ni bido ya mafuta, mavago ni makopo ya sardini. Hakuna mutoto anauliza kama kipimo ni kimoja. Anaangalia vitu viwili: magurudumu yafuate njia moja, na waya wa kufungia usiwe juu huku na chini kule.

Swali lenye linakuja

Sasa juu ya nini ninaandika hayo kwa watu wenye watatafuta kazi kesho?

Leo, shaba na kobalti nyingi za Lualaba zinaenda kwa lori. Barabara ya Kasumbalesa munaijua. Lakini reli inarudia mu mazungumuzo. Njia ya Lobito, yenye vita ya Angola ilifunga tangu 1975, ilijengwa upya na Wachina. Mu 2018 muzigo wa madini ya Kongo ulipita tena, na mu 2023 kompani mupya ikachukua uendeshaji kwa miaka 30. Upana wake ni 1067. Kutoka Kolwezi mupaka Dilolo kuko zaidi ya kilomita 400, upande wetu, na hapo njo treni inaenda polepole. Ku mashariki kuko TAZARA, yenye ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1860 kutoka Dar es Salaam mupaka Kapiri Mposhi. Nayo ni 1067. Kwa upana, vago inaweza kutoka Kolwezi, kupita Lubumbashi na Zambia, na kufika bahari ya Hindi bila kubadilisha gurudumu.

Lakini mu Tanzania kuko vilevile reli ya zamani ya mita 1. Mu 1998 walifungua ku Kidatu pahali pa kuhamishia muzigo kati yake na TAZARA. Na sasa kuko reli mupya ya 1435: tangu 2024 treni za abiria zinatoka Dar es Salaam mupaka Dodoma, na ujenzi unaelekea Kigoma. Siku moja itafika pembeni ya ziwa, uso kwa uso na Kalemie yetu ya 1067.

Kwa kontena, shida ni ndogo: kreni inachukua kisanduku na kukiweka juu ya vago ingine, ya upana wowote. Lakini mahindi yetu, mihogo, maharagwe, vinatembea mu mifuko, juu ya mabega ya watu. Kila pahali pa kuhamishia, mifuko inapasuka, mvua inaingia, siku zinapotea. Mahindi yenye yalipata unyevu njiani yanaota kuvu, na kuvu zingine ziko na sumu. Mukulima hajui neno "upana wa reli", lakini njo analipa. Katanga inakula mahindi mengi ya Zambia. Kama tunataka mahindi ya Kongo yashindane nayo ku soko ya Kolwezi, idadi ya mara yenye mufuko unashushwa iko na uzito kama mbegu na mbolea.

Kwa hiyo, siku wakubwa watakuja kutuonyesha picha ya treni mupya, yenye kungaa, musiulize kwanza kama ni kubwa. Wenzetu wa injenyeri waulize maswali ine. Magurudumu yake yako na upana gani? Ndoano yake inafungana na ya jirani? Freni yake ni ya hewa yenye kusukumwa ao ya hewa yenye kunyonywa, juu hizo mbili haziungane? Na reli ya chini, ya Kolwezi mupaka Dilolo, inaweza kubeba tani ngapi kwa kila ekseli?

Siye wa agronomi tuongeze la tano: kutoka shamba mupaka soko, mufuko utashushwa mara ngapi?